Ardhi ya umma isifungwe kwa kona

Ndugu Mhariri,

Katika nyika za Wyoming, Marekani, ardhi ya umma ambamo watu huwinda kulungu na elki (aina ya kulungu wakubwa) imepakana na ya watu binafsi kama ubao wa drafti, kwa sababu kampuni za reli ziligawiwa viwanja kwa kupishana na vya umma katika karne ya 19. Mwaka 2021 wawindaji waliweka ngazi ya chuma juu ya nguzo mbili zilizofungwa mnyororo konani, pale viwanja vinne vinapokutana, wakavuka kutoka kiwanja cha umma hadi kingine bila kukanyaga udongo wa jirani, na bado wakashtakiwa.

Mahakama ya Rufaa ilitenda haki ilipowaunga mkono Machi 2025, ikitumia sheria ya 1885 inayokataza kuizingira ardhi ya umma. Mwenye shamba alindiwe mali yake, lakini asimiliki ardhi ya wote kwa kuziba kona. Naomba jimbo jirani la Montana nalo liiandike haki hii ya kuvuka kona waziwazi katika sheria zake.

Msomaji wako