Mtunzi wa dansi atajwe redioni

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu nyimbo za zamani za dansi kupigwa redioni bila watunzi kutajwa. Mfano wangu ni Mbaraka Mwinshehe. Alicharaza gitaa la solo, akatunga na kuimba katika bendi ya Morogoro Jazz, akafika nayo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Ajali ya gari ilikatisha maisha yake huko Mombasa Januari 1979, hajatimiza miaka 35. Wimbo wake “Shida” bado unapigwa kila wikendi, lakini mtangazaji husema tu, “zilipendwa”. Zilipendwa na nani, zikatungwa na nani?

Hili si suala la heshima peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Mbaraka, muda huo unaelekea ukingoni. Wimbo usiotajwa mtunzi ni vigumu kuudaia mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi yake inapotumika.

Napendekeza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ivitake vituo vya redio vitaje mtunzi na bendi kila wimbo unapopigwa, na kuwasilisha orodha hizo kila mwezi.

Msikilizaji wa dansi,
Morogoro