Kwa mdogo wangu unayesubiri ajira: soma na mstari wa kumi

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Najua umechoka. Tangu umalize ualimu umeomba kila nafasi zilipotangazwa, umeitwa kwenye usaili ukarudi, na majina yakitoka la kwako halimo. Najua pia umebandika ukutani mstari ambao karibu kila mwenye kusubiri huubandika, Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Usiubandue. Ila soma na wa kumi ulio juu yake, kisha barua nzima, maana naamini sehemu ya uchovu wako inatokana na kuusoma mstari huo peke yake.

Sura ya 29 ni barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, ikapelekwa Babeli na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe wa mfalme Sedekia waliokuwa wakienda kwa Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Walioandikiwa walikuwa mateka waliochukuliwa pamoja na mfalme Yekonia wa Yuda, aliyemtangulia Sedekia, mwaka 597 kabla ya Kristo. 2 Wafalme 24:14 inasema walikuwa elfu kumi, tena inataja ni watu wa aina gani: wakuu, mashujaa, mafundi, wafua chuma. Maskini wa nchi ndio walioachwa. Kwa hiyo barua iliwafikia watu wenye ujuzi mikononi, waliokaa mahali wasipopachagua, na kazi waliyoisomea iko nyuma yao, mbali. Ezra alipoitembea baadaye njia ya kutoka Babeli mpaka Yerusalemu alitumia miezi minne.

Mstari wa kumi unasema Mungu atawajilia Babeli itakapotimiziwa miaka sabini. Miaka hiyo ni ya Babeli, haihesabiwi tangu siku walipochukuliwa wao. Fanya hesabu kidogo. Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539, na ruhusa ya kurudi ikatoka mwaka uliofuata. Aliyechukuliwa akiwa na miaka 30 angekuwa amefika 89. Wengi waliousikia mstari wako ukisomwa kwa mara ya kwanza walizikwa huko huko Babeli. Mungu aliwaambia ana mawazo ya amani juu yao, hakuwadanganya, na wao hawakurudi kwao. Yabebe yote matatu kwa pamoja. Yanauma, lakini imani inayoweza kuyabeba haitavunjika majina yakitoka tena bila lako.

Sisemi utasubiri miaka sabini. Huenda ajira ikaja mwezi ujao, nami naiombea. Ninachosema ni kwamba Mungu hakuwapa watu wale tarehe ya kuhesabia siku kwa vidole. Aliwapa kazi ya kufanya, tarehe akaishika yeye.

Rudi nyuma sura moja ukutane na Hanania mwana wa Azuri, nabii wa Gibeoni. Katika mwaka wa nne wa Sedekia, mwezi wa tano, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, na Yekonia, na mateka wote. Akaitwaa nira ya mti shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kuwa ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja. Tazama jinsi lilivyo neno tamu, fupi, lenye tarehe, na lenye tendo la kuonekana kwa macho. Yeremia mwenyewe alijibu "Amina, Bwana na afanye hivi", kisha akaongeza kipimo (28:9): nabii atabiriye amani atajulikana neno lake litakapotokea. Hanania alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba. Miaka miwili ikapita, hakuna aliyerudi, na mwaka 586 Yerusalemu ikachomwa moto.

Madhara ya neno kama hilo hayaishii kwenye kuvunjika moyo. Aliyeambiwa "miaka miwili" hajengi, hapandi, haoi wala haozi watoto. Anaishi na mizigo imefungwa mlangoni. Miwili ikiisha amepoteza miwili, na anayemlaumu ni Mungu, wakati aliyetoa tarehe ni mwingine.

Kwa hiyo mtu akikwambia "ndani ya siku ishirini na moja utapokea barua ya ajira", andika kwenye daftari: maneno yenyewe, nani kasema, tarehe. Usibishane naye. Halafu endelea na ratiba yako kana kwamba hujaambiwa kitu. Akitaja fedha, iitwe mbegu, sadaka ya ukombozi, mafuta au maji ya upako, shauri limekwisha, ondoka. Usiuze kitu cha nyumbani wala kukopa kwa ajili ya neno la namna hiyo, na mikopo ya kausha damu usiiguse kabisa. Kwenye barua ile ile, mstari wa 21 hadi wa 23, wametajwa manabii wawili wa huko huko Babeli, Ahabu mwana wa Kolaya na Sedekia mwana wa Maaseya. Makosa yao yamewekwa pamoja: walizini na wake za jirani zao, na walisema uongo kwa jina la Bwana. Nakuandikia haya kwa sababu wewe ni msichana, unasubiri, na wapo wanaowinda watu walio katika hali hiyo.

Sasa tufike kwenye amri zenyewe, 29:5 mpaka 7. Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, ozeni. Utakieni amani mji ule, mkauombee. Bustani ya Babeli, mdogo wangu, ilikuwa ya mitende, na chini ya kivuli chake mboga. Mboga unakula baada ya majuma machache. Chipukizi la mtende linakaa miaka minne, mitano au zaidi kabla halijatoa tende za maana. Mungu aliwaambia wapande na kula vyote, cha wiki hizi na cha miaka ijayo, katika nchi ambayo hawakuipenda.

Na walitii. Huko Iraki yamepatikana mabamba ya udongo ya kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, yenye tarehe za kuanzia mwaka 572 hadi 477 kabla ya Kristo. Ukiyasoma hukuti miujiza. Unakuta mikataba: shayiri iliyokopwa, tende za kulipa kodi ya shamba, ng'ombe wa kulimia, nyumba iliyopangishwa, ndugu wanaogawana mali ya baba yao. Majina mengi yamebeba jina la Bwana ndani yake. Mimi huyahesabu mabamba hayo kuwa ushahidi wa maongozi ya Mungu kama nilivyo na hakika ya Bahari ya Shamu kugawanyika. Watoto wa watu hao ndio waliokuwepo Koreshi aliposema nendeni. Kama baba zao wangekaa na mizigo mlangoni, angekuwepo nani wa kurudi?

Kwako wewe, cha wiki hizi ni tuisheni. Anza na watoto watano wa darasa moja, siku tatu kwa juma, saa moja na nusu. Usichanganye wa darasa la nne na wa la saba ili namba ionekane kubwa. Wazazi wataona watoto hawasogei, watawaondoa. Malipo yakusanywe mwanzo wa mwezi, maana ya mwisho wa mwezi hukutana na kodi ya nyumba na hayatoki. Mchicha nyuma ya nyumba utauvuna baada ya wiki tatu au nne. Cha miaka ijayo ni mkono wako wa kufundisha: mwalimu aliyekaa muda mrefu bila kushika chaki huonekana dakika za kwanza tu za usaili. Ukipata shule ya kujitolea, kubali, lakini omba barua inayotaja siku na saa, na ubakize siku mbili za kazi yako ya kipato. Kujitolea bila mpaka kumewachosha wengi mpaka wakauchukia ualimu wenyewe. Na mposo ukija wa mtu mwema usiukatae kwa sababu tu "sijapata kazi". Amri ya kuoa ilitolewa kwa watu waliokuwa utumwani.

Kuhusu maombi. Danieli alikuwa Babeli, mtumishi wa serikali, mwenye kazi nyingi kuliko sisi, na aliomba mara tatu kwa siku (6:10). Weka tatu fupi: asubuhi kabla ya kushika simu, mchana, jioni. Dakika kumi zinatosha kuanzia. Mikesha ya kila usiku inayokulaza mpaka saa tano asubuhi inakula zile saa za bustani. Ukitaka kufunga, kunywa maji. Una vidonda vya tumbo, kwa hiyo kufunga kavu siku tatu kutakupeleka hospitali. Danieli 9:2 nayo isikupite: alisoma hesabu ya miaka sabini katika maandiko ya Yeremia, akaona muda umekaribia, ndipo akaanza kuomba kwa kufunga, kwa gunia na majivu. Alijua tayari kwamba Mungu amesema, na bado aliomba.

Na ukichoka, sema. Naona unaogopa kumwambia Mungu kwamba umechoka, kana kwamba ni kukiri kushindwa. Fungua Zaburi ya 13. Ina "hata lini" nne katika mistari miwili ya kwanza. Miwili inayofuata ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Miwili ya mwisho ni tumaini. Andika yako kwa mpango huo, sentensi mbili mbili, kwa Kiswahili chako cha nyumbani. Wanaoruka mbili za kwanza kwa haraka ya kufika kwenye tumaini huishia kuomba kwa maneno yasiyo yao, na baada ya muda maombi yenyewe huwakauka. Siku ambayo mbili za mwisho hazitoki, nenda Zaburi ya 88, inayoishia gizani. Nayo imo katika Biblia, nayo ni maombi.

Usitafute ishara. Ndoto, namba ya gari, mstari uliofunguka kwa bahati: hayo yatakuchosha bure. Sura ya 32 ya Yeremia inaonyesha jinsi hata nabii alivyojua. Ni mwaka wa kumi wa Sedekia, jeshi la Babeli limeuzunguka mji, Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi. Neno linamjia kwamba Hanameli, mwana wa ami yake, atakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Hanameli anakuja kweli. Ndipo, mstari wa 8, Yeremia anasema "nikajua ya kuwa neno hili ni neno la Bwana". Alijua baada ya kutokea. Akapima shekeli kumi na saba za fedha, kama gramu mia mbili hivi, akatia sahihi hati, akaita mashahidi, akamkabidhi Baruku, mwandishi wake, nakala mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Yote hayo kwa shamba lililoko upande ambao adui ameshauchukua. Alipomaliza kulipa ndipo akaomba, na katika maombi yake (32:25) mshangao wake unasikika: umeniambia ninunue shamba kwa fedha, na mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo! Hatusomi popote kwamba aliwahi kulilima. Tunasoma kwamba alichukuliwa mpaka Misri.

Nimelikalisha shamba hilo moyoni kuliko mstari wowote wa ukutani. Mtu alifanya jambo la leo kwa usahihi wote, fedha, sahihi, mashahidi, chombo, kwa ajili ya siku ambayo hakuwa na namna ya kuiona.

Basi na wewe tafuta chombo chako. Nunua bahasha ngumu ya plastiki yenye kufunga. Tia cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo, kitambulisho cha taifa, barua za kujitolea, na nakala tatu za kila kimoja zilizothibitishwa na wakili. Linganisha jina lako herufi kwa herufi katika kila karatasi. Kwenye cheti cha kidato cha nne jina la baba limeandikwa tofauti na kwenye cha kuzaliwa. Hilo huwakwamisha watu hatua za mwisho kabisa, kwa hiyo muulize wakili hati inayotakiwa kulirekebisha. Fanya wiki hii. Piga picha kila karatasi, uitunze mahali pengine mbali na simu.

Mama anaficha wasiwasi wake kwa ajili yako, na wewe unamficha wako. Mwambie hali ilivyo, pamoja na tarehe ya usaili ujao, ili aombe akijua anachokiomba. Mchicha wa kwanza ukitoka, umpelekee yeye.

Kaka yako