Laini Mpya Pekee Haitaiunganisha Leaf Yako na Simu

Wateja wengi wanaotuletea magari ya umeme ya Nissan Leaf yaliyotoka Japani hufika karakanani na laini ya simu mkononi wakiuliza pa kuiingiza, kwa kuwa wamesikia kwamba gari hilo linaweza kuwashiwa kiyoyozi, au kuangaliwa kiwango cha chaji, mwenyewe akiwa ofisini. Swali lao ni la haki, na linastahili jibu kamili kabla mtu hajatoa shilingi yake.

Ujumbe kutoka garini hupitia vituo vitatu kabla ya kufika kwenye simu yako. Modemu iliyofichwa nyuma ya dashibodi huutuma kwa mnara wa kampuni ya simu, mnara huupeleka kwa seva, yaani kompyuta ya mbali, ya mtengenezaji, na seva hiyo ndiyo inayozungumza na programu uliyopakua. Leaf ya Japani inaposhushwa Mombasa, laini iliyo ndani ya modemu yake bado imefungwa na mkataba wa Japani, na seva yake inahudumia wenye magari wa huko. Hata fundi akifaulu kubadilisha laini, gari lako litakuwa linabisha mlango usio na mwenyeji.

Yaliyotokea kwingine yanaonyesha kwamba kituo chochote kati ya hivyo kinaweza kufungwa. Nchini Marekani, Leaf za miaka ya 2011 hadi 2015 zilikuwa na modemu za 2G. AT&T, kampuni ya simu ya huko, ilipozima mtandao wake wa 2G mwanzoni mwa 2017, wenye magari waliotaka kuendelea waliuziwa modemu za 3G kwa dola 199; Februari 2022 kampuni hiyo hiyo ikazima 3G, na modemu zilizolipiwa miaka michache tu nyuma zikanyamaza. Uingereza ilikuwa kinyume: mwaka 2024 Nissan ilifunga programu iliyohudumia Leaf zilizotengenezwa kabla ya Mei 2019, ilhali minara ya 2G ilikuwa bado inafanya kazi. Kwa sababu hiyo hatumshauri mteja yeyote kununua modemu ya 3G, hata ikiwa rahisi kiasi gani, wala kulipia modemu mpya ambayo bado itategemea seva isiyo mikononi mwake.

Tunachofanya ni kuiacha njia ya zamani na kufungua nyingine. Tunaweka kifaa cha OVMS (Open Vehicle Monitoring System, mfumo huria wa kufuatilia gari), chenye modemu ya 4G, na tunakiunganisha na tundu lililo chini ya usukani ambalo mafundi hulitumia kusoma hitilafu. Aina ya modemu tunaichagua kwa makini, kwani kifaa kilichoundwa kwa soko la Marekani pekee huenda kisione 4G ya hapa. 4G ya Safaricom, kwa mfano, hutumia masafa ya 800 na 1800 MHz. Kusoma chaji, afya ya betri na mahali gari lilipo huwa si kazi ngumu. Kuwasha kiyoyozi kutoka mbali hutegemea mwaka wa gari, maana baadhi ya matoleo huhitaji waya wa ziada, na mengine hudai modemu ya zamani ichomolewe, hivyo hatuahidi jambo hilo kabla ya kulikagua gari.

Kinachotuhangaisha zaidi katika kazi hii ni betri ndogo ya volti 12. Watu husahau kwamba Leaf yenye betri kubwa iliyojaa inaweza kukataa kuwaka kwa sababu betri hiyo ndogo imeisha, na modemu yoyote inayokesha huinyonya kidogo kidogo. Gari likiachwa siku nyingi kwenye maegesho ya chini ya ghorofa Westlands au Upper Hill jijini Nairobi, ambako mawimbi hayafiki vizuri, modemu huendelea kuutafuta mnara na kutumia umeme zaidi. Kwa hiyo tunaipima betri ya volti 12 kwanza, na ikiwa imechoka tunakataa kuweka kifaa mpaka ibadilishwe. Kisha tunakipangia kifaa kijizime volti zinaposhuka, na antena tunaiweka karibu na kioo, mbali na bati.

Laini husajiliwa kwa kitambulisho chako wewe, wala si chetu, na nywila ya seva ya OVMS unaiweka mwenyewe mbele yetu kisha hatubaki nayo. Taarifa za mahali gari lilipo usiku na mchana ni taarifa za maisha yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazilinda. Data inayotumika ni kidogo, lakini laini iweke salio mara kwa mara, kwani isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa.

Ikiwa haja yako ni kuchaji usiku tu, wakati ambapo bei maalumu ya umeme wa magari hushuka, usitumie fedha zako kwetu: Leaf ina saa yake ya kuanzisha chaji isiyohitaji mtandao wowote, na tutakuonyesha namna ya kuipanga bila malipo. Anayetaka kujua afya ya betri pekee atatosheka na programu ya Leaf Spy pamoja na kisomaji kidogo cha bluetooth. Na ikiwa kampuni yako ya bima inadai kifaa cha kufuatilia gari, endelea na kile ilichokiidhinisha, kwa sababu hiki chetu hakichukui nafasi yake.