Leza ya kwanza si ile ya pichani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako nisahihishe mambo mawili katika makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu leza, kile kifaa kinachotoa mwale mwembamba wa mwanga wenye nguvu. Mmeandika kwamba leza ilivumbuliwa na Charles Townes, naye akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kisha mkaweka picha ya bwana mmoja uso wake ukiwa nyuma ya taa iliyosokotwa kama springi, na chini yake maneno "Leza ya kwanza duniani". Bwana huyo ni Theodore Maiman. Ndiye aliyeiunda leza ya kwanza, na makala nzima haimtaji hata mara moja!

Na Townes sina ugomvi. Yeye na shemeji yake, Arthur Schawlow, ndio waliochapisha mwaka 1958 maelezo ya namna kifaa cha aina hiyo kingeweza kufanya kazi. Baada ya hapo maabara kubwa kubwa zikaanza kukimbizana, kila moja ikitaka kuwa ya kwanza kukiunda. Kilihitajika kitu cha kuutoa huo mwanga, na wengi waliidharau yakuti, kile kito chekundu, kwa sababu vipimo vilivyokuwepo vilionyesha kwamba inapoteza karibu mwanga wote inaopewa. Maiman akapima upya mwenyewe, akakuta vipimo vile vina kasoro, akaichagua yakuti. Huyu ni mtoto wa mhandisi wa umeme, tangu ujanani kule Denver akitengeneza redio na vyombo vya umeme vya watu ili apate hela ya mfukoni. Tarehe 16 Mei 1960, akiwa na miaka 32, leza yake iliwaka katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California.

Nikifundisha somo hili huwa navunja kipande cha chaki, sentimita mbili hivi, nakiweka kiganjani mwa mwanafunzi aliye mbele. Ile yakuti ilikuwa na ukubwa huo: unene wa sentimita moja, urefu wa mbili, ncha zote mbili zimepakwa fedha ziwe vioo, na ncha moja ikaachiwa kitundu cha kutokea mwanga. Kuizunguka palikuwa na taa ya flashi ya wapiga picha, ya kununua tu. Hiyo ndiyo leza ya kwanza, kitu cha kufumbatwa mkononi.

Ndiyo maana nasema maelezo ya picha yenu si sahihi. Mpiga picha aliyetumwa kabla ya kutangazwa kwa habari hiyo Julai 1960 aliona kile kidude ni kidogo mno, hakitavutia, akataka kikubwa zaidi. Maiman akashikishwa taa kubwa kuliko ile aliyoitumia. Picha ikazunguka dunia nzima, hata watafiti wa maabara nyingine wakaiga kwa kuitazama. Wenzako wa magazeti ya siku zile nao wakaandika habari za "miale ya kifo". Na usiniwie vibaya, Mhariri, nikikukumbusha kwamba hata mhariri wa jarida la kwanza alilopelekea matokeo yake, Physical Review Letters, aliyakataa. Jarida la Nature la Uingereza ndilo lililoyachapisha, tarehe 6 Agosti 1960, maneno kama mia tatu tu.

Nobel ya mwaka 1964 walipewa watu watatu: Townes, na Warusi Nikolay Basov na Aleksandr Prokhorov. Walistahili, maana kanuni ni yao. Lakini kumwacha aliyeuwasha mwanga wenyewe, mimi hadi leo sijaona hoja ya kuniridhisha. Heshima zilimjia Maiman baadaye na kutoka kwingine: mwaka 1984 aliingizwa katika Jumba la Wavumbuzi la Marekani, akapata Tuzo ya Wolf ya fizikia ya 1983/84, kisha Tuzo ya Japani mwaka 1987. Alifariki Vancouver, Kanada, mwezi Mei 2007, akiwa na miaka 79. UNESCO wanapoadhimisha Siku ya Kimataifa ya Nuru kila tarehe 16 Mei, ni ile siku ya Malibu wanayoikumbuka.

Basi naomba mchapishe masahihisho, japo mistari miwili. Na kama ile picha mtaitumia tena, chini yake andikeni jina la Maiman, mwongeze kwamba taa iliyomo si yenyewe.

Mwalimu wa fizikia,
Muheza, Tanga