Mtoto wa kilo nne na nusu naye apimwe sukari

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mi ni nesi mkunga huku Morogoro, nimekaa leba miaka mingi, na naona kisukari cha watu wazima kinaongelewa kila siku ila sukari kushuka kwa vichanga hakuna anayeigusa.

Kinachoniuma zaidi ni yule mtoto mkubwa. Akizaliwa na kilo nne na nusu ukoo mzima unashangilia, bibi anapiga vigelegele, kila mtu anataka kumpakata, na hapo wodini wanaandika yuko vizuri wanahamia kitanda kingine. Kumbe huyo ndo wa kuangaliwa kwa karibu, hasa kama mama ana kisukari au kilimpata kwenye mimba. Yaani sukari ya mama inapita kwenye kondo inaenda kwa mtoto, kongosho lake linazoea kumwaga insulini nyingi, ile homoni inayoshusha sukari, sasa kitovu kikikatwa sukari ya mama inakoma hapo hapo lakini insulini bado ipo inaendelea kufanya kazi, ndani ya saa moja au mbili mtoto anaweza kushuka vibaya na wewe ukimtazama huoni kitu. Wengine watatetemeka, watalegea, watakataa ziwa, watakuwa wa baridi, ila wapo wasioonyesha chochote mpaka degedege linaanza, na likianza kuna familia bado zinawaza mashetani, mtoto anakimbizwa kwa mganga na huko nyuma ubongo unakosa chakula na kuna madhara mengine hayarudi nyuma.

Njiti nao wapimwe, na waliozaliwa chini ya kilo 2.5, na waliochelewa kulia, na wagonjwa.

Kupima kwenyewe ni tone la damu pembeni ya kisigino na glukometa ile ile ya wagonjwa wa kisukari. Hospitali nyingi zinahesabu sukari chini ya 2.6 (milimoli kwa lita) kuwa imeshuka. Kweli mashine hizi namba zikiwa chini sana zinaweza kukosea kidogo kwa vichanga, basi damu iende maabara kuhakikisha, lakini tiba isisubiri jibu. Sasa utakuta mashine ipo kabatini stripu zake za kuwekea tone la damu zimeisha, baba anaambiwa akatafute duka la dawa saa saba usiku, jamani!

Na tiba mara nyingi inaanza na kitu mama anacho tayari. Mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi apate joto, maana baridi inakula sukari yake, anyonye ndani ya saa ya kwanza yale maziwa ya njano, apimwe kama nusu saa baada ya hapo, kisha anyonye kila masaa mawili au matatu na apimwe kabla ya kunyonya, walau masaa 12 kwa mkubwa na wa mama mwenye kisukari, 24 kwa mdogo na njiti. Asiyeweza kunyonya akamuliwe apewe kwa kikombe. New Zealand walichapisha utafiti 2013 wa jeli ya glukosi asilimia 40 inayopakwa ndani ya shavu halafu mtoto ananyonya, ikasaidia sana, na ni dawa ya bei rahisi, natamani tuwe nayo hata kwenye vituo vya afya. Sukari ikigoma kupanda, au mtoto ana degedege, hapo ni dripu ya glukosi asilimia 10 haraka bila mjadala. Ila tafadhali asali na maji ya sukari ya nyumbani msimpe.

Ninachoomba kwa waganga wakuu wa wilaya na halmashauri, stripu za leba ziwe na fungu lake zisigombaniwe na kliniki ya kisukari, na ukutani pabandikwe orodha ya watoto wa kupimwa na saa za kupima. Na nyie kina mama mkijua mna kisukari semeni mapema mkifika leba, halafu mtoto akitoka ulizeni, sukari yake ni ngapi?

Nesi mkunga,
Morogoro