Mwanangu amenirudishia simu, ataka pesa mkononi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni. Mume wangu ni baharia. Akishapanda meli ni miezi saba au minane, kwa hivyo hesabu za nyumba zote ni zangu: kodi, skuli, chuo, na hizi pesa ndogo ndogo za watoto ambazo ndizo zilizonileta kwako.

Kifunguamimba wangu ana miaka 13, mdogo wake wa kike ana 9. Mwaka jana kijana alipoanza tuisheni ya jioni huko Tudor nilimnunulia kabambe, simu ndogo ya kubofya, nikamtilia laini niliyoisajili kwa kitambulisho changu mwenyewe. Najua si utaratibu, lakini mtaani kwetu ukiuliza ni nani hajafanya hivyo utabaki umesimama. Kila Jumamosi humtumia shilingi 200 kwa M-PESA. Natuma mia mara mbili, maana mia haikatwi kitu, ila ukituma 200 kwa mpigo unakatwa saba. Mavyaa wangu huniona nikibofya mara ya pili akacheka mpaka akakohoa. Kijana naye hazitoi kwa wakala, kwa sababu 200 kuitoa ni 29 zimekwenda. Hulipa kwa simu hukohuko anakonunua.

Basi Jumapili moja simu ilikuwa kwenye chaji, nikaichukua nikasoma meseji zake. Kila Jumatano, shilingi 80, namba ileile, jina la mwanamke nisiyemjua. Wiki sita mfululizo. Shangazi, Mombasa hii unaijua. Mawazo yalinipeleka kwenye bangi, yakanipeleka kwenye kamari, yakanipeleka nisikotaka kukutajia. Nikamwita sebuleni mbele ya dadake na bibi yake, nikampandishia sauti: "Huyu ni nani?" Hakunijibu. Aliinamia mkeka akawa anafuata ukili kwa kidole, mpaka nikachoka kusema.

Asubuhi nikaipiga ile namba. Ni mama anayekaanga viazi karai karibu na pale tuisheni. Nikajieleza. Akaniambia, "Ah, wewe ndiwe mamake? Huyo kijana wako hulipa sahani mbili, yake na ya mwenziwe. Yule mwenziwe akija peke yake hukaa tu, hali."

Jioni nilimwambia kuwa nimeshajua. Nilidhani atafurahi. Akaenda chumbani, akarudi na simu na chaja yake, akaniwekea mezani. "Mama, chukua simu yako. Nipe pesa mkononi." Alisema yako. Mpaka leo hiyo "yako" haijanitoka.

Hilo ndilo donda. Sasa kila mtu ana dawa yake.

Kakangu anaishi Leicester. Yeye ananisukuma kwenye mambo ya kadi. Wanawe wana GoHenry, kadi ya watoto ya Uingereza: mzazi anapanga posho ya wiki kwenye simu, mtoto akitandika kitanda au akiosha vyombo anaongezewa, na mzazi anaweza kumwekea kikomo cha matumizi. Analipa karibu pauni 4 kwa mwezi kwa kila mtoto. Ananiambia Marekani nako kuna Greenlight, ambayo familia nzima hulipa ada moja ya mwezi na kupata kadi mpaka za watoto watano. Vizuri. Lakini hizo ni za watu wanaoishi hukohuko, na hata zingekuja, pauni nne ni kama shilingi 700 za kwetu. Mwanangu anapata 800 kwa mwezi! Nilipomweleza, kakangu akanijibu kwamba ninachonunua ni "kuona kila kitu". Nikanyamaza, kwa sababu kuona kila kitu ndiko kulikonitia hapa nilipo.

Mwalimu mmoja jirani yangu akanishauri niache kuhangaika na ya nje, kuna M-PESA Go ya hapahapa, iliyotoka mwaka 2022 kwa watoto wa miaka 10 hadi 17. Unamsajili mtoto kwa cheti chake cha kuzaliwa wewe mzazi ukiwa mdhamini, na unaweza kufuatilia matumizi yake. Hapa nakiri ana hoja. Laini niliyompa kijana ni ya mtu mzima kwa mujibu wa kitambulisho, na yote ya watu wazima yanaiingia. Siku moja alinijia mbio na meseji ya kumwambia anaweza kukopa, yeye akidhani ameshinda zawadi. Na kampuni za kamari zikiona laini ya mtu wa miaka 38 zitajuaje kwamba aliyeishika ana 13? Kwa hivyo ile laini kwake haitarudi, hilo nimeshalikata. Lakini M-PESA Go nayo binti hajafikia umri, itakuwa mmoja ana cha simu na mwingine hana, na kwangu ugomvi wa wawili hao huanza kwa kidogo kuliko hicho.

Mavyaa yeye hana maneno mengi. Kwanza alitaka kujua kama hizo kadi zina riba. Kisha akachukua kopo la maziwa, akalitoboa kifunikoni kwa kisu, akampa mjukuu wake wa kike: kibubu. Huyo binti hupewa shilingi 20 kwa siku, na nikimtazama anavyozipanga kwenye sakafu, tano za mabuyu, tano za achari, kumi za kopo, naona anajua pesa inapoishia kuliko kakake alivyowahi kujua. Lakini pesa za mkononi zina lao. Kijana hupanda matatu saa za msongamano, na ameshaibiwa mfukoni mara moja.

Nikuulize basi, Shangazi. Nikimtilia M-PESA Go, nimwambie kwamba nitakuwa naona, au niwe naona na kunyamaza? Mwenye miaka 13 ana haki ya siri ya shilingi 80? Na huyo mwenziwe asiyekula, nifanye nini naye? Nikiongeza posho iwe 300 mwanangu atajua ni kwa ajili ya nani, na naogopa atahisi nimemnyang'anya hata hilo.

La kumwomba radhi najua ni wajibu wangu. Nimeshajaribu mara mbili, kila mara naishia kumuuliza kama ameshakula. Nilimpigia kelele mbele ya watu, je, na radhi niiombe mbele ya haohao?

Simu iko kwenye droo ya kabati langu, imezimwa. Ndani ina shilingi 340 zake. Sijazigusa.

Mama wa Wawili,
Kisauni, Mombasa