Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa shindano la hotuba

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za upendo kutoka kwetu sote. Baba yako alianza kusema hongera kabla sijamaliza kumsomea ujumbe wako. Umetuambia kwamba klabu yenu ya mazoezi ya kuhutubia imekukabidhi uenyekiti wa shindano la hotuba, na kwamba tangu siku hiyo usingizi umekuwa haba kwa kuwaza mapambo, vipaza sauti na idadi ya viti. Hayo nitayagusa, ila si jambo kubwa la leo. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ninachotaka kukuambia ni vizuri ukisome ukiwa umetulia. Katika maandalizi yako yote, mfikirie mwanachama atakayeshika mkia. Yeye akirudi nyumbani bila shaka hata chembe kwamba alisikilizwa sawasawa na aliyekuwa wa kwanza, umefaulu. Akirudi na dukuduku moyoni, hakuna ua wala pazia litakaloliondoa.

Kumbuka ni nini kiliwaleta wenzako klabuni. Wengi walikuja kwa sababu magoti yalikuwa yakigongana kila waliposimama mbele za watu. Ralph Smedley alipoanzisha klabu ya kwanza ya Toastmasters, mtandao wa klabu za kujifunza kuhutubia, katika jengo la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Santa Ana, California, mwezi Oktoba 1924, alikuwa akiwapa watu mahali pa kufanya mazoezi ya kusema na kusahihishana. Ubingwa wa dunia wa kuhutubia ulikuja baadaye, 1938. Mazoezi yalitangulia, kombe likafuata, na mpangilio huo nakuomba uuheshimu. Mohammed Qahtani wa Saudi Arabia, bingwa wa 2015, alikua na kigugumizi. Aaron Beverly alikuwa wa pili mwaka 2016, akarudi akawa bingwa 2019. Hao wawili nawafikiria sana ninapoona shindano dogo la klabu likiendeshwa hovyo, maana mtu anayeshindwa hujaribu tena akiwa na imani kwamba alishindwa kwa haki. Akihisi ameonewa, hurudi kwenye kiti cha nyuma na kukaa kimya, na klabu humpoteza bila hata kujua.

Sasa tuingie kazini. Kwa kuwa klabu yenu iko chini ya Toastmasters, kanuni mnazo, na kitabu chake hutolewa upya kila mwaka. Tafuta cha mwaka huu na ukisome chote, usitegemee kumbukumbu za wazee wa klabu, kwa sababu watakwambia kwa uhakika kabisa mambo yaliyokwisha badilishwa. Ukishasoma, watumie washiriki wote kurasa zinazowahusu mapema: nani anaruhusiwa kushindana, hotuba iwe ya muda gani, na kwamba maneno yawe ya msemaji mwenyewe, na akinukuu mtu aseme amemnukuu nani. Hakiki uhalali wa kila mshiriki kabla ya siku ya shindano. Kumwambia mtu asubuhi ya shindano kwamba ada yake haijalipwa, na ameshafanya mazoezi mwezi mzima, ni ukatili ambao orodha moja iliyokaguliwa wiki mbili kabla ingeuzuia.

Kisha majaji. Hapa ndipo nataka utumie nguvu zako nyingi kuliko popote.

Usiwachague kwa cheo wala kwa urafiki. Tafuta watu wanaojua kusikiliza, na ikiwezekana wengine watoke klabu nyingine, kwa sababu ni vigumu mtu kumpima vizuri rafiki anayekaa naye kila wiki. Mpate jaji mkuu ambaye watu wanamwamini, halafu umwachie kazi yake. Yeye ndiye atakayewafunza majaji, watunza muda na wahesabu kura, na yeye peke yake ndiye atakayemjua jaji wa kuvunja sare. Jaji huyo hukaa ukumbini kama watu wengine, huwapanga washiriki wote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na karatasi yake humfikia jaji mkuu kimyakimya. Ikiwa hakuna sare, karatasi hiyo haitumiki kabisa. Napenda sana utaratibu huu. Unaondoa kishawishi cha kuketi na kujadiliana nani apewe, maana majadiliano ya namna hiyo hushindwa na mwenye sauti kubwa.

Majaji wasitajwe kwa majina wala wasikalishwe mbele kwenye meza yenye kitambaa. Najua wengi hupenda hivyo kwa sababu inaonekana rasmi, lakini msemaji akishamjua jaji, atamhutubia jaji na kuwasahau wasikilizaji. Wasambaze ukumbini. Hata mimi usiniambie ni akina nani.

Katika mafunzo yao, hakikisha kila jaji anaielewa karatasi ya alama kabla ya kuitumia. Kwenye shindano la Toastmasters liitwalo la kimataifa, ambalo huanzia klabuni, nusu ya alama, yaani 50 kwa 100, ni za maudhui: jinsi hotuba ilivyojengwa, jinsi ilivyofikia lengo lake, na thamani ya wazo lenyewe. Alama 30 ni za uwasilishaji, yaani mwili, sauti na namna ya msemaji kujiamini. Alama 20 zilizobaki ni za lugha. Waombe wairudie hesabu hiyo vichwani mwao, kwa sababu jicho la binadamu hupenda msemaji anayerukaruka jukwaani, na likiachwa peke yake litampa ushindi mtu ambaye hakusema kitu. Majaji pia hawapaswi kumpunguzia mtu alama kwa kupitiliza muda. Muda una watu wake.

Uliniuliza kwa nini alama za majaji hazijumlishwi moja kwa moja. Chukua mfano huu mdogo. Majaji ni watatu, washiriki wawili. Jaji wa kwanza anampa Msemaji A alama 80 na Msemaji B 78. Wa pili anampa A 82 na B 80. Wa tatu amempenda mno B, anampa 95, na A anampa 60. Ukijumlisha, A ana 222 na B ana 253, kwa hiyo B ameshinda, ingawa majaji wawili kati ya watatu walimwona A kuwa bora. Mtu mmoja amewameza wenzake. Ndiyo maana kila jaji hutumia alama zake kupanga nafasi tu: wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Ukihesabu hivyo, A anapata 8 na B anapata 7. Kila jaji amekuwa na uzito sawa, awe mkarimu au mchoyo wa alama. Na zile alama za ndani jaji hubaki nazo mwenyewe. Wahesabu kura hukabidhiwa kipande cha chini tu, chenye majina ya nafasi tatu na sahihi yake. Kipande kisicho na sahihi hakihesabiwi, kwa hiyo jaji mkuu alikaririe hilo mpaka wachoke kulisikia.

Muda nao usiuchukulie kuwa kazi ya mtu yeyote aliyekosa kazi nyingine. Niliwahi kukaa katika ukumbi mmoja ambapo mtunza muda alikuwa mmoja tu, na katikati ya hotuba akapokea simu. Msemaji yule aliondolewa shindanoni, na hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama alistahili. Weka wawili: mmoja ashike saa, mwingine awashe taa. Hotuba ya kawaida ni dakika 5 hadi 7. Kijani huwaka dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7, na nyekundu hubaki ikiwaka mpaka msemaji amalize. Anayesema chini ya dakika 4 na sekunde 30, au zaidi ya dakika 7 na sekunde 30, hawezi kupewa nafasi. Saa huanza pale msemaji anapoanza kuwasiliana na watu waziwazi, kwa neno au kwa kitendo. Anaweza kuanza kwa kuigiza kabla hajatamka lolote, na hapo saa inatembea. Watunza muda wako walijue hili kabla, na washiriki pia.

Taa ziwekwe mahali ambapo kila msemaji ataziona. Kama yupo mshiriki asiyeona, ana haki ya kuchagua ishara yake, iwe kengele au mtu wa kumtajia muda kwa sauti. Muulize mapema, umwandalie bila kufanya tukio.

Siku yenyewe, wakutanishe washiriki nusu saa kabla ya kuanza. Wapandishe jukwaani, wajaribu kipaza sauti, wajue mipaka ya eneo wanaloruhusiwa kusimama, waone taa zikiwaka. Kisha wapige kura ya zamu. Kila mtu achomoe namba yake kwa mkono wake, na usikubali kubadilishana hata wakipatana wenyewe. Kuzungumza wa kwanza kuna uchungu wake, na uchungu huo hupungua mtu akijua ni bahati tu iliyomweka pale.

Ukimtambulisha msemaji, taja jina lake, kichwa cha hotuba yake, kichwa tena, na jina lake tena. Basi. Nakujua mwanangu, una moyo mkunjufu, utataka kuongeza kwamba huyu ni mwalimu wetu mpendwa au kwamba huyu ndiyo mara yake ya kwanza. Jizuie. Neno moja la sifa kwa mmoja ni neno ambalo mwingine hakupewa. Akimaliza pia, usitoe maoni. Usicheke zaidi, usijifute machozi, usiseme "jamani, mmesikia hayo!" Shika mkono wake, umpishe, na utangaze dakika moja ya kimya.

Dakika hiyo ilinde kama mboni ya jicho. Majaji wanaandika. Watu watataka kunong'ona, kupekua simu, kupisha wenzao mlangoni. Waeleze mwanzoni kabisa kwa nini kimya kinahitajika, na watakisaidia. Mwombe mlinda mlango asimruhusu mtu kuingia wala kutoka wakati hotuba inaendelea.

Kwa ratiba, fanya hesabu ya upande mrefu. Washiriki sita wakitumia kila mmoja dakika 7 na nusu ni dakika 45. Kimya ni dakika 6, utambulisho na kupisha jukwaa ni kama 6 nyingine. Umeshafika karibu saa nzima, na bado mahojiano, kuhesabu kura na matokeo. Usibandike humo hotuba za viongozi. Kama mna shindano la hotuba za papo kwa papo siku hiyohiyo, tenga chumba cha pembeni chenye mtu wa kukaa na washiriki, kwa sababu wote hujibu swali lilelile na asiyeitwa bado hatakiwi kulisikia.

Kura zikichukuliwa, wahesabu watatu na jaji mkuu watoke nje ya ukumbi, nawe uwaite washiriki wote mbele kwa mahojiano mafupi na vyeti vya kushiriki. Hapa sasa moyo wako mkunjufu una kazi. Waulize walijiunga lini na klabu, wanapenda nini, nani aliwasaidia kufanya mazoezi. Mpe kila mmoja muda uleule. Kwa wengi wao hiki ndicho kitakuwa kipindi pekee cha kupigiwa makofi kwa jina, kwa hiyo usikiendeshe kama kipindi cha kujaza pengo.

Kabla ya kutangaza, uliza kama kuna pingamizi. Linaweza kutoka kwa jaji au mshiriki pekee, na lazima liletwe kabla ya matokeo kutangazwa. Baada ya hapo mlango umefungwa, hata kwa mwanachama mwenye hasira na hoja nzuri. Kama kuna aliyeondolewa kwa muda, sema tu kwamba limetokea, bila jina. Kisha tangaza kuanzia chini kwenda juu, taratibu, na usitaje pointi. Karatasi zote zichanwe baadaye. Watakuja watu kukuuliza kwa upole, "Nilikuwa wa ngapi?" Jibu kwa upole uleule kwamba hakuna anayehifadhi hesabu hizo, na iwe kweli.

Mapambo mpe mwenye mkono mzuri wa mapambo. Vyeti viandikwe majina mapema, na kila mwenye jina asome tahajia yake mwenyewe kabla havijachapwa. Vipaza sauti vijaribiwe jana yake.

Wiki inayofuata, kabla hujaandika ripoti yoyote, mtafute kila ambaye hakupata nafasi. Usimpe pole, mwombe tarehe ya hotuba yake ijayo klabuni na uiandike kwenye ratiba mbele yake. Na wale watunza muda na wahesabu kura, ambao hakuna aliyewapigia makofi, waandikie barua kila mmoja kwa jina lake.

Ukishapanga ratiba ya siku hiyo, nitumie niisome. Majina ya majaji yafute kwanza.

Akupendaye,
Mama yako